Riwaya Uipendayo na Riwaya Uitajayo

Usiku mmoja, baada ya sala ya isha, mazungumzo ya barazani petu yalitoka kwenye mashairi yakaangukia riwaya. Mmoja wetu akataka kila mtu ataje riwaya aipendayo kuliko zote za dahari. Neno hilo dahari lilinichekesha. Tenzi zetu zina karne. Utendi wa Tambuka ni wa 1728. Riwaya ya Kiswahili ni mgeni wa juzi: aghlabu huhesabiwa tangu Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, cha 1934. Dahari yenyewe haijatimiza hata miaka mia.

Wa kwanza kujibu alikuwa kijana fundi wa baiskeli. Bila ya kusita alitaja Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka 1960. Alieleza kwamba nakala yake imebanduka jalada na kupoteza kurasa za mwisho, hata hatima ya kisa alisimuliwa na mjomba wake. Watu wakacheka. "Hicho cha watoto wa skuli," alisema mzee mmoja. "Sisi tunauliza riwaya." Kijana akainamisha uso. Ilipofika zamu yangu nilitaja Nagona ya marehemu Kezilahabi, na wote wakaniitikia kwa staha.

Je, nilisema uongo?

Nagona, iliyotoka 1990, naiheshimu kwa dhati. Nimeisoma mara mbili, na kila mara imenishinda mahali papya. Lakini kitabu nilichokisoma kwa mwanga wa kandili mpaka mama akaja kuizima, kitabu kilichonifunza kwamba pale watu wanapouona mkono wa pepo yafaa kwanza kuutafuta mkono wa mwanadamu, ni kile kile cha fundi wa baiskeli. Bwana Msa na kiko chake, na Najum ubavuni pake, nimeishi nao zaidi kuliko na baadhi ya jamaa zangu.

Yuko atakayenitetea kwamba nilitoa hukumu ya msomaji aliyekomaa. Utetezi huo siupokei. Hatukuulizwa riwaya ipi ni bora. Tuliulizwa ipi tunaipenda. Ubora hujadiliwa kwa hoja, na anayeshindwa hoja hubadili rai yake. Mapenzi ni ushahidi, na shahidi hana ruhusa ya kueleza alichopaswa kukiona.

Hoja iliyo nzito zaidi ni hii: mtu aweza kupenda vibaya. Ziko riwaya tulizozihusudu ujanani ambazo, tukizirudia leo, tunaona jinsi zinavyomdhalilisha mwanamke au mtumishi, nasi tulipita pale bila ya kushtuka. Kweli. Lakini penzi la namna hiyo lisipotamkwa litahojiwa na nani? Lililofichwa nyuma ya jina la heshima hubaki kama lilivyokuwa tulipokuwa na miaka kumi na mitano.

Hayo ni ya nafsi yangu, na nafsi yangu ningeisamehe. Linaloniudhi ni yule kijana. Neno langu moja lingemwinua mbele ya wale waliomcheka. Nililimeza ili nami nisichekwe.

Barazani bado huja, hukaa pembeni, na vitabu hataji tena. Nakala yangu ya Mzimu wa Watu wa Kale ina kurasa zote za mwisho. Sijampelekea.