Kabila la Wabenzi
Wabenzi hawana watani wala tambiko, lakini Afrika Mashariki nzima huwatambua. Jina lao latokana na Carl Benz, Mjerumani aliyepata hataza ya gari lake la petroli mwaka 1886. Mercedes alikuwa binti wa mfanyabiashara Emil Jellinek, na majina hayo yaliunganishwa mwaka 1926. Sifa ya gari hilo ilijengwa na mafundi, kwa uimara wake. Aibu yake tuliijenga sisi, baada ya uhuru, wakubwa walipolipanda na kufunga vioo.

Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa au kupangisha nyumba. Katika masharti hayo, yaliyolegezwa Zanzibar mwaka 1991, gari halikutajwa. Je, mkulima wa Chanzuru, Kilosa, aliyepisha njia akabaki vumbini na gunia lake la mahindi juu ya baiskeli, ana haki ya kumwita aliyepita mnyonyaji? Hana, ikiwa ahukumu chuma tu. Huenda aliyemo ni mgonjwa aliyepewa msaada (naam, hutokea). Anayo, iwapo ushuru wa gunia lile ndio ulionunua gari, na barabara ikasahauliwa. Hesabu hiyo aweza kuidai hata kwa mkubwa apitaye kwa miguu, jambo ambalo neno Wabenzi halitufundishi.