Kiongozi Mwadilifu na Moyo wa Mfanyakazi

Ni kitu gani kimfanyacho mtu afanye kazi kwa moyo? Wako wasemao kuwa ni mshahara tu. Ni kweli, mkono mtupu haulambwi, na Uislamu umeamuru mfanyakazi alipwe ujira wake bila kucheleweshwa. Lakini mshahara hununua saa za mtu na nguvu za mikono yake. Moyo wake hauuzwi. Humpa yule amwaminiye.

Tutazame mfano wa Madina. Katika mwaka wa 5 Hijria (627), jeshi la watu wapatao 10,000 lilikuja kuwaangamiza Waislamu. Mtume Muhammad (s.a.w.) alikubali shauri la Salman Mwajemi, mtu aliyepata kuwa mtumwa, kwamba lichimbwe handaki. Zilikuwa siku za baridi na njaa, wala hapakuwa na ujira. Hata hivyo kazi ikamalizika. Kwa nini? Kwa sababu kiongozi mwenyewe alibeba udongo hata vumbi likamfunika tumbo, na njaa yao ikawa njaa yake. Hakuwataka wavumilie jambo aliloliepuka yeye.

Kinyume cha hayo nacho kimeonekana. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi wa Tanzania majivuno, anasa na dharau. Mara wafanyakazi wa viwandani wakaushika, ikazuka migomo; na katika mingi lalamiko halikuwa mshahara peke yake, bali matusi na dharau ya mameneja. Mtu aliyedharauliwa huweka chombo chini, hata kama amelipwa.

Je, basi, aliye chini ya mkubwa dhalimu anayo ruhusa ya kulegea kazini? La, hasha! Anayo haki ya kudai haki yake waziwazi. Lakini kazi aliyoipokea ni amana, na kuiba saa zake kwa siri ni hiana. Dhuluma ya mwingine haitakuwa udhuru wetu mbele ya Mungu. Wala mkubwa asifurahie neno hili, kwani yeye ataulizwa mara mbili: juu ya dhuluma yake, na juu ya mioyo aliyoivunja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na hata mtu mmoja chini yako, kabla ya kulaumu uvivu wake jiulize: Sheria niliyomwekea, je, nimeanza kuifuata mimi? Mwenyezi Mungu atujalie uadilifu. Amin.