Kumpiga Asiyeweza Kujibu

Mwanafunzi mmoja wa Gitaza, mwana wa mvuvi, aliniuliza darasani swali ambalo siku ile sikuweza kulijibu. Tulikuwa tukijifunza msamiati wa vyombo vya majini: omo na tezi, joshi na demani. Ili maneno hayo yasibaki makavu ubaoni, niliwasimulia vita vilivyopiganwa katika ziwa letu hili la Tanganyika. Nilipofika mahali ambapo chombo kimoja kilishambuliwa upande wa tezi, kwa kuwa mzinga wake ulitazama omo tu, kijana akainua mkono: “Mwalimu, huyo aliyepiga alikuwa shujaa au mwoga?”

Yafaa kwanza habari yenyewe ielezwe sawasawa. Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, pwani hii yetu ya Burundi, pamoja na ile ya Ujiji na Kigoma, ilikuwa chini ya Wajerumani. Mwezi wa Agosti mwaka huo chombo chao Hedwig von Wissmann kiliishambulia na kuiharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, na tangu hapo ziwa likawa lao. Waingereza wakaazimia kuwanyang'anya. Walizipakia motaboti mbili melini hadi Cape Town, zikapelekwa kwa reli hadi Katanga, zikakokotwa juu ya milima ya Mitumba kwa magari ya mvuke na maksai, zikateremshwa kwa mto Lualaba, kisha kwa reli tena mpaka Lukuga, mahali tunapopaita leo Kalemie. Kiongozi wao, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wake walipokataa, aliziita Mimi na Toutou, majina ambayo watoto wa Kifaransa huwaitia wanyama hao hao. Msomaji wa Kiswahili akikutana na manowari iitwayo Mimi ana haki ya kutabasamu.

Tarehe 26 Desemba 1915 chombo cha Wajerumani kiitwacho Kingani kilipita karibu na Lukuga. Motaboti zile, zilizokuwa na mbio kukishinda, zilikiacha kipite, ndipo zikatoka na kukiandama kwa nyuma. Ili apate kujibu, nahodha alilazimika kukigeuza chombo kizima; na kila alipogeuka, adui walikuwa wamekwisha hama. Nahodha Junge aliuawa na chombo chake kikatekwa. Waingereza walikitengeneza, wakakiita Fifi, wakakitia mzinga mkubwa zaidi. Tarehe 9 Februari 1916 Fifi na Mimi zikaizamisha Hedwig von Wissmann: Mimi iliitangulia na kuichokoza kutoka mbali mpaka ikapoteza muda kwa kugeuka-geuka, na Fifi ikapata nafasi ya kuifikia.

Hila hii si ngeni. Mwaka 1588 Mfalme Philip II wa Hispania alipoituma Armada yake, merikebu zipatazo 130, kuishambulia Uingereza, Wahispania walitumaini kupigana kwa desturi ya zamani: kukisogelea chombo cha adui, kukinasa, na kuwarusha askari wapande wapigane kwa upanga. Waingereza waliwanyima nafasi hiyo. Walikaa upande wa joshi, wakawa ndio wachaguao umbali, wakapiga mizinga na kujitenga. (Huyo Philip alikuwa tangu 1580 mfalme wa Wareno pia, hivyo kundi la merikebu lililotoka Goa na kumteka Mir Ali Bey huko Mombasa mwaka 1589 lilikuwa la mfalme yule yule. Wanafunzi wetu aghalabu husomeshwa habari hizi mbili kana kwamba zilitokea katika dunia mbili.)

Sasa turudi kwenye swali. Wako watakaosema kwamba kiongozi wa vita amedhaminiwa roho za watu wake. Akiweza kushinda bila kuwapoteza, kisha akawapeleka mbele ya mzinga kwa ajili ya sifa, huyo ndiye mkosaji. Hoja hii ni nzito, wala sioni jinsi ya kuipangua. Hata hivyo, yatuonyesha tu kwamba Spicer-Simson alifanya yaliyompasa. Haituonyeshi kwamba alikuwa shujaa. Ushujaa ni sifa ya moyo unaoikabili hatari, na hila yote ya siku ile ilikuwa ni kuiondoa hatari upande mmoja na kuilimbikiza upande wa pili. Kwa kazi kama hiyo lugha yetu ina neno stadi, ambalo ni sifa njema, nasi hatuna haja ya kuazima lingine.

Ugumu uko kwingine. Hatari iliyokwepwa majini ililipwa nchi kavu. Tuna methali isemayo kwamba tembo wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Lakini hapa nyasi ziliambiwa zimbebe tembo mgongoni. Watu wa Katanga walikata miti, wakatengeneza njia na madaraja, wakazisukuma motaboti milimani ili ziende kupigania ziwa lisilokuwa la Mwingereza wala la Mjerumani. Ndani ya Kingani nako walikuwamo Waafrika. Jina la Mimi limo katika kila kitabu kihusucho vita hivi. Ni nadra kukuta jina la mmoja wa watu hao. Wala mabaharia wa Uingereza wa 1588 hawakutendewa vema zaidi: baada ya ushindi wengi wao walikufa bandarini kwa maradhi, huku mishahara yao haijalipwa.

Iko pia hila ya namna nyingine. Mwezi wa Juni 1916 Spicer-Simson alifika Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, akaiona mizinga ya ngome, akaondoka bila kupigana. Wajerumani wakapata njia ya kutoroka kwa mashua. Baadaye ikajulikana kwamba mizinga ile ilikuwa miti iliyochongwa. Siku ile ziwa halikumwaga damu. Nilitaka kumwambia kijana wangu kwamba hii ndiyo hila halali, hila inayookoa. Lakini waliotoroka walikwenda kuendelea na vita, na vita hivyo vilidumu mpaka Novemba 1918, vikiwateketeza wapagazi makumi kwa maelfu. Zile merikebu nane za moto ambazo Waingereza waliziachia usiku huko Calais nazo hazikuichoma hata merikebu moja ya Kihispania. Ziliwatia hofu tu, wakakata kamba za nanga. Majuma machache baadaye, kwenye miamba ya Ireland, merikebu nyingi ziliangamia kwa kukosa nanga hizo.

Nilimweleza kijana haya yote juma lililofuata, bila kuficha kwamba mimi mwenyewe sijaridhika. Alisikiliza kwa adabu, kisha akataka kujua yule aliyeichonga ile mizinga ya miti alikuwa nani, na kama alilipwa.