Meli Ikizama, Nani Aulizwe?

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Idhini yake ilikuwa ya abiria mia sita na kidogo. Tume ya uchunguzi ilibaini baadaye kwamba waliokuwamo walizidi 2,000. Miili 203 ilipatikana. Wengine wengi hawakuonekana tena, na familia zao ziliomboleza bila kaburi la kuzuru.

Katika kila msiba wa majini, watu wa pwani wana maneno ya kufarijiana: ajali haina kinga, kazi ya Mungu haina makosa. Ni maneno ya imani, na anayeyasema akiwa amekaa kwenye mkeka wa matanga anastahili heshima. Lakini upande wa pili wa dunia wako watu wanaolala na kuamka wakitafuta kinga hiyo inayosemwa haipo. Mjini Malmö, Sweden, kuna Chuo Kikuu cha Bahari Duniani, kilichoanzishwa mwaka 1983 na Shirika la Kimataifa la Bahari, kwa kuwalenga hasa wataalamu wa nchi zinazoendelea. Manahodha, wahandisi wa meli, wanasheria na maofisa wa bandari, wakiwamo Watanzania na Wakenya, husoma huko shahada ya uzamili kuhusu usalama wa vyombo, sheria za bahari na usimamizi wa bandari. Je, mtu anayeandika tasnifu nzima kueleza kwa nini meli hupinduka anashindana na kadari?

Jibu linaanzia kwenye somo lenyewe. Mwaka 1746 mwanasayansi Mfaransa Pierre Bouguer alichapisha kitabu kuhusu meli, na ndani yake akaeleza nukta inayoitwa metasenta. Meli ikilala ubavu mmoja, maji husukuma juu kwa nguvu zaidi upande ulioinama na kuirudisha wima. Hilo hutokea maadamu kitovu cha uzito wake kiko chini ya nukta hiyo. Ukijaza watu na magunia kwenye sitaha za juu, kitovu cha uzito hupanda. Maji yakiingia kwenye sitaha pana, hukimbilia upande ulioinama na kuzidi kuulemeza. Ukifika wakati ambapo kitovu kimeipita metasenta, meli haina tena nguvu ya kusimama, hata bahari ikiwa shwari. Hesabu hii haibadiliki kwa sababu kuna harusi Chake Chake au kwa sababu kesho ni sikukuu.

Ukiishika hesabu hiyo mkononi, orodha ya misiba ya Afrika Mashariki husomeka kwa namna nyingine. Aprili 1994, feri ya Mtongwe, Mombasa: watu 272 walikufa. Mei 1996, MV Bukoba karibu na Mwanza: idhini ilikuwa ya abiria 430, waliopanda walikuwa wengi zaidi, na mamia wakafa. Septemba 2011, Nungwi. Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara: idhini watu 101, waliokufa zaidi ya 220. Bahari na ziwa, feri ndogo na meli kubwa, serikali na watu binafsi, na kila mara chombo kilikuwa kimejazwa kupita idhini yake. Jambo linalorudi mara nne kwa sababu inayofanana lina kinga, na kinga yake inajulikana.

Hapa ndipo wengine huingiwa na hofu ya kidini. Anayesema kwamba kupunguza abiria kungeokoa maisha, je, hajamwondoa Mungu katika jambo lake? Swali hili halikuzaliwa leo. Katika karne za mwanzo za Uislamu, Jabriyya walisema binadamu ni kama unyoya katika upepo, hana lake. Kadariyya, na baadaye Muutazila, wakasema matendo ya mtu ni yake mwenyewe. Abul Hasan al-Ashari, aliyefariki mwaka 936, alishika njia ya kati: Mungu ndiye muumba wa kila tendo, lakini mja hulichuma, na kwa kulichuma ataulizwa. Itikadi hii ya Ashari, pamoja na fikihi ya Shafii, ndiyo iliyosomeshwa kwa karne nyingi katika vyuo vya pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilifikisha jambo hili jikoni. Katika kitabu chake Ihyaa alieleza kuwa mwenye njaa anayekataa kunyoosha mkono kwenye chakula kilicho mbele yake, akingoja kushibishwa, hajatawakali, yaani hajamtegemea Mungu. Amepungukiwa akili, kwa sababu ameikataa njia ambayo Mungu mwenyewe ameiweka. Hadithi ya Bedui na ngamia wake, ambayo mtoto wa madrasa anaijua, inafundisha kumfunga ngamia kwanza na kutawakali baadaye. Na Khalifa Umar, alipowarudisha aliokuwa nao wasiingie Sham kwenye tauni na kuulizwa kama anaikimbia kadari, alijibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu.

Wakristo nao wana kisa chao, na hiki kimetokea melini hasa. Katika Matendo ya Mitume sura ya 27, Paulo anasafiri kama mfungwa kwenda Roma. Anaonya kwamba msimu umekuwa mbaya. Akida anamsikiliza nahodha na mwenye meli. Dhoruba inapowapata, Paulo anapewa ahadi kwamba hakuna hata mmoja wa watu 276 atakayepotea. Hata hivyo mabaharia wanapotaka kutoroka kwa mashua, Paulo huyo huyo anasema kwamba wakiondoka, waliobaki hawataokoka. Ahadi ya Mungu ilikuwa tayari imetolewa, na bado ilihitaji mabaharia wanaojua kazi yao kubaki mahali pao.

Kwa hiyo kauli moja inaweza kuwa imani kinywani mwa huyu na ukwepaji kinywani mwa yule. Mjane akisema ni kadari, anaukubali uchungu asioweza kuurudisha nyuma. Mwenye meli akisema ni kadari, anakimbia swali. Elimu ya uzamili inafaa hasa hapa, kwa kuwa inafuata lawama hadi inakostahili kufika.

Mfano wake mkubwa ni feri ya Herald of Free Enterprise, iliyopinduka nje ya bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, tarehe 6 Machi 1987 na kuua watu 193. Iling'oa nanga milango ya mbele ikiwa wazi. Baharia aliyepaswa kuifunga alikuwa amelala chumbani mwake, na ingekuwa rahisi kumtwisha yeye peke yake. Uchunguzi uliendelea kupanda ngazi. Nahodha hakuwa na njia ya kuiona milango akiwa kwenye daraja la meli. Manahodha walikuwa wameomba taa ya kuonyesha kama imefungwa, na ofisini ombi lao halikutekelezwa. Kutokana na msiba ule ilikuja Kanuni ya Kimataifa ya Usimamizi wa Usalama, iliyopitishwa mwaka 1993 na kuwa lazima kwa meli za abiria kuanzia 1998. Inaibana kampuni nzima, pamoja na wakubwa wake wa nchi kavu. Mtu anayeamini kwamba kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga hana sababu ya kuiona kanuni hii kuwa ngeni.

Lakini elimu hii nayo inaleta mtihani wake wa dhamiri. Wanafunzi wa usalama wa meli hufundishwa kupima hatari kwa hesabu: kifaa fulani kitagharimu kiasi gani, na kitaepusha vifo vingapi. Katika miongozo ya Shirika la Kimataifa la Bahari, kipimo kilichozoeleka ni dola milioni 3 kwa kila kifo kinachoepushwa. Hatua inayozidi hapo huweza kuonekana ghali mno. Muumini hushtuka kusikia uhai ukitajwa kwa fedha. Fikihi pia inayo dia, ngamia 100 kwa asili yake, lakini dia hutolewa mtu akishakufa, kwa warithi wanaojulikana. Hesabu ya hatari huamua mapema nani ataachwa bila kinga, na huyo hana jina bado. Kuikataa kabisa hakusaidii, maana fedha za kununulia jaketi okozi zina kikomo. Kinachotakiwa ni kwamba anayehesabu asisahau anahesabu nini, na asikubali maisha ya abiria wa daraja la tatu yapigiwe bei ndogo.

Bei hiyo ndogo ipo. Mkataba mkuu wa usalama wa maisha baharini, uliozaliwa mwaka 1914 baada ya Titanic, unahusu zaidi safari za kimataifa. Unguja hadi Pemba, Mwanza hadi Ukara, Likoni hadi Mombasa mjini ni safari za ndani, zilizoachiwa sheria za kila nchi na uthabiti wa wakaguzi wake. Msomi anayerudi nyumbani na shahada yake huenda akapewa kazi hiyo ya ukaguzi. Siku moja ya msimu wa sikukuu atasimama gatini mbele ya meli iliyojaa, simu za wakubwa zikilia, abiria wakimlaani kwa kuwachelewesha. Atahitaji sheria nyuma yake. Atamhitaji pia khatibu wa Ijumaa na mchungaji wa Jumapili ambao watakuwa wamekwisha kuwaeleza abiria wale kwamba kushuka kwenye meli iliyojaa hakupunguzi tawakali hata chembe, na kwamba yule anayewazuia anatekeleza amana aliyokabidhiwa juu ya roho zao.