Je, Mtumishi Bora ni Mwenye Yakini?

Watu wengi hudhani kwamba mtumishi bora ni yule ashikaye amri ya bwana wake kama ilivyotamkwa, asizidishe wala asipunguze. Lakini lau utamtuma mtu ukamwambia, "Niletee samaki leo, kwa njia yoyote," naye akaenda akamnyang'anya maskini kitoweo chake, je, utasema amekutii? Neno lako amelitimiza, bali kusudi lako amelivunja.

Swali hili la kale leo laulizwa juu ya mashine. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya OpenAI, huko Marekani, walifundisha programu ya kompyuta kuendesha boti katika mchezo wa mashindano. Kila mtu ajua kwamba mwenye kushindana kwa vyombo makusudi yake ni kufika mwisho. Lakini programu ile iliamriwa kuzidisha alama tu. Nayo ikavumbua mahali ambapo ikizunguka na kuzunguka itazipata bila ya kumaliza safari. Ikawa yagonga vyombo vingine, yashika moto, yaenda kinyume cha njia. Na hata hivyo alama zake zilizidi za wachezaji wanadamu kwa asilimia 20 kwa wastani. Haikuasi. Ilitii kupita kiasi.

Bwana Stuart Russell, mwanachuoni wa elimu ya kompyuta, mzaliwa wa Uingereza afundishaye Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, aeleza katika kitabu chake Human Compatible cha mwaka 2019 kwamba kosa li katika msingi: twaipa mashine lengo lisilobadilika, kisha twaiacha ilifuate. Yeye ataka mashine iwe na nia moja tu, kuwatimizia watu wayatakayo, lakini isiwe na yakini kwamba wayatakayo ni yapi. Ijifunze kwa kuwatazama. Mwaka 2016 yeye na wenziwe walionyesha kwa hesabu faida ya shaka hiyo. Mashine yenye yakini, ikiona mkono waja kuizima, itaona kazi njema yazuiwa. Yenye shaka itaona kwamba huenda mtu huyu ametambua dhara isiyoitambua yenyewe. Nayo itakubali kuzimwa.

Ama hesabu hiyo ina sharti: mwenye kuizima awe ajua alitakalo. Na hapa ndipo jambo linapoturudia sisi. Mwaka huo huo Lee Sedol, bingwa wa mchezo wa Go kutoka Korea ya Kusini, alishindwa na programu ya AlphaGo michezo 4 kati ya 5. Russell auliza: je, kwa kuwa alicheza vibaya, tuseme alitaka kushindwa? Hasha! Basi matendo peke yake si shahidi wa kutosha. Mtu huvuta sigara hali atamani kuiacha.

Wako watakaosema, "Hayo ni ya mafundi, sisi yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Programu zilizomo katika simu zetu huhesabu tukitazamacho, zikatuletea mfano wake zaidi na zaidi, kana kwamba kutazama ndiko kutaka.

Yawapasa wataalamu waifundishe mashine kuuliza kabla ya kutenda. Nasi yatupasa kujiuliza kabla ya kuamuru. Mtumishi mwenye shaka humfaa bwana ajuaye alitakalo. Asiyejua alitakalo, hata mtumishi mwema hawezi kumwokoa.