Kitanda cha Mtoto Mgonjwa Kina Pande Mbili



Ipo misalaba ijayo mara moja ikapita, na ipo misalaba irudiyo. Nyumba ikifiwa, mtaa mzima hukusanyika. Watu hulala matanga, hupika, huchota maji, hufariji. Lakini wako watoto wadogo, wa mwaka mmoja, wa miaka miwili, ambao hulazwa hospitali mwezi huu, hurudi nyumbani, kisha hulazwa tena kabla kanga za mama hazijakauka kambani. Safari ya kwanza jamaa wote huja kuwaona. Safari ya pili huja nusu yao. Ifikapo ya tano, mama huingia wodini peke yake, na saa ya kutazama wagonjwa hupita pasipo mtu kuuliza habari zake. Juu ya wazazi wa watoto hao twataka kusema leo, na hasa juu ya mtu mmoja ambaye mara nyingi haonekani kando ya kitanda hicho. Mtu huyo ni baba.

Tutwae mfano wa ugonjwa mmoja ujulikanao sana kwetu, yaani selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi za dunia ambamo watoto wengi mno huzaliwa nao. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni laini na za mviringo, hugeuka umbo la mundu, zikawa ngumu na kuziba mishipa midogo. Pale zinapoziba huja maumivu makali. Na kwa kuwa chembe hizo hufa upesi, mtoto hupungukiwa na damu. Katika miezi ya kwanza ya maisha yake haonyeshi dalili. Kisha siku moja mama huona vidole vya mikono na miguu vimevimba, na mtoto analia akiguswa. Macho hugeuka manjano. Bandama huweza kuvimba ghafula na kukusanya damu nyingi ndani yake, hata mtoto aliyeamka akicheza akapauka na kulegea kabla ya jioni. Kwa sababu hiyo wauguzi huwafundisha akina mama kumpapasa mtoto tumboni, upande wa kushoto chini ya mbavu, ili waitambue hatari mapema.

Fikirini basi maisha ya mama huyo. Mtoto wa miaka miwili hajui kusema ni wapi panapouma. Ajua kulia tu. Amekwisha kuwatambua wauguzi kwa mavazi yao, naye huanza kulia kabla sindano haijatolewa. Mshipa hutafutwa mkononi, hutafutwa mguuni, na mama ndiye amshikaye asijitikise, huku mtoto akimtazama kana kwamba amemsaliti. Usiku hulala sakafuni juu ya kipande cha mkeka. Genge lake la nyanya limefungwa tangu wiki iliyopita. Watoto wake wengine wako kwa bibi yao, na mmoja ameacha kwenda shule kwa kuwa hakuna wa kumwamsha. Haya yote aweza kuyachukua, maana Mungu amewajalia akina mama nguvu ambayo sisi wengine hatuifahamu. Lakini liko neno moja linalomvunja moyo, nalo halitoki hospitalini. Latoka nyumbani: “Katika ukoo wetu hakuna ugonjwa huu. Umeuleta wewe.”

Neno hilo ni la uongo, na yatupasa kulisema waziwazi katika kila kigango na kila nyumba. Mtoto hawezi kuugua selimundu kwa urithi wa upande mmoja. Hupokea sehemu moja kwa mama na sehemu moja kwa baba. Kwa kawaida wazazi wenyewe ni wazima, wanalima, wanafanya kazi, wala hawajui kwamba kila mmoja amebeba sehemu ya urithi huo katika damu yake. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kumpata mtoto mwenye ugonjwa. Mume amwachaye mkewe kwa sababu hiyo huondoka na nusu ya ugonjwa ndani ya damu yake mwenyewe, naye hatauacha popote aendapo, hata akioa mara kumi.

Tena, urithi huu si laana. Mwaka 1954 mtaalamu Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyeupokea upande mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana umeenea zaidi katika nchi zenye mbu, kwa kuwa watoto waliokuwa nao hawakuuawa na homa hiyo kwa wingi kama wenzao, wakakua, wakazaa. Kile kilichowahifadhi babu zetu utotoni ndicho hicho, kikikutana kutoka pande zote mbili, kinachomtesa mtoto wetu. Nani basi atamlaani mke wake kwa ajili ya urithi ambao pengine ndio uliomwokoa babu yake mwenyewe?

Bwana wetu Yesu Kristo aliulizwa swali hilohilo. Wanafunzi wake walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa pande zote mbili za swali lao, kama isomwavyo katika sura ya tisa ya Injili ya Yohane. Hakuwapa mshtakiwa, aligeuka kwa yule kipofu akamponya. Aliye Mkristo na aige mfano huo. Mbele ya mtoto anayeteseka, aulizaye “Kosa ni la nani?” anapoteza muda ambao angalikuwa akimchukulia mtoto maji ya kunywa.

Tena twaomba akina baba waisome sura ya tano ya Injili ya Marko. Yairo alikuwa mkuu wa sinagogi, mtu wa heshima. Hata hivyo hakumtuma mkewe wala mtumishi kwenda kumtafuta Yesu. Alikwenda mwenyewe, akaanguka miguuni pake mbele ya umati wa watu, akamwombea binti yake. Na Bwana alipofika nyumbani mwake, aliwatoa nje wote waliokuwa wakipiga makelele, akaingia alipokuwa mtoto pamoja na wanafunzi wake watatu, na baba, na mama. Mwinjili hakuandika hayo bure. Kristo alitaka wazazi wote wawili wawe kando ya kitanda kile. Na alipokwisha kumwinua binti, aliwakumbusha kumpa chakula: neno dogo la nyumbani, lakini ndilo alilowaachia wazazi kulitenda.

Hatusemi kwamba kila baba alale wodini. Twajua kwamba katika wodi nyingi za watoto wanaume hawaruhusiwi usiku, na kwamba mkate wa nyumba lazima utafutwe. Lakini saa ya kutazama wagonjwa i wazi kwa wote. Baba aweza kuleta uji asubuhi. Aweza kumshika mtoto nusu saa ili mama akaoge na kunyoosha mgongo. Aweza kuwaamsha watoto wengine na kuwapeleka shule, akawaeleza kwa upole kwamba ndugu yao hakuwanyang'anya mama yao. Aweza kujua majina ya dawa, siku za kliniki, na mahali kadi ilipowekwa, ili siku mama atakapougua yeye, nyumba isipotee. Aliye kazini mbali aweza kupiga simu kila jioni, asiulize gharama kwanza, bali aulize habari za mtoto na za mama yake. Siku ya ndoa hawa wawili waliahidiana uaminifu katika uzima na katika ugonjwa. Na ugonjwa wa mtoto wao umo ndani ya ahadi hiyo.

Hapa yatupasa kuonya juu ya jambo jingine. Wazazi waliochoka ni windo jepesi. Leo watamsikia mpiga ramli akiwatajia jina la jirani aliyewaroga. Kesho watamsikia mhubiri akiwaambia watupe vidonge kwa kuwa vidonge ni upungufu wa imani. Kanisa halikufundisha hivyo kamwe. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, atufundisha kumheshimu tabibu, na kwamba dawa zatoka katika ardhi kwa mapenzi ya Mungu, naye mwenye akili hazidharau. Mtoto mwenye selimundu na apewe penisilini kila siku, asubuhi na jioni, angalau mpaka atimize miaka mitano, kama daktari aagizavyo, maana mwili wake hauna nguvu ya kupigana na vijidudu kama wa wenzake. Apate chanjo zote. Alale ndani ya chandarua kila usiku. Anywe maji mengi, asiachwe apigwe na baridi. Akipata homa, apelekwe hospitali siku ileile. Iko pia dawa iitwayo haidroksiyurea. Mwaka 2019 ilitangazwa habari ya watoto zaidi ya 600, wenye umri wa mwaka mmoja hadi kumi, waliotibiwa kwa dawa hiyo katika nchi za Angola, Kongo, Kenya na Uganda: maumivu yalipungua, malaria ilipungua, haja ya kuongezewa damu ilipungua, na vifo vilipungua. Wazazi na waulize habari zake kwa daktari. Tusali bila kuchoka, tumpe mtoto dawa bila kusahau, na yote mawili tuyafanye kwa imani ileile.

Lakini mzazi atatuuliza: Mbona Mungu aruhusu kitoto kisicho na dhambi kiteseke hivi? Hatutajifanya kuwa na jibu la kuyafuta machozi hayo. Msalaba wenyewe haukuelezwa, ulichukuliwa. Papa Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1984 juu ya maana ya mateso, alifundisha kwamba mateso ya mwanadamu yapo pia ili kuamsha upendo katika mioyo ya wengine, kama yalivyouamsha moyo wa Msamaria njiani. Mkazo wa fundisho hilo watuangukia sisi tulio wazima. Mtoto analia, je, ni upendo gani umeamka ndani yetu?

Tuwatazame Watakatifu Louis na Zélie Martin wa Alençon, Ufaransa. Walizaa watoto tisa, na wanne kati yao walikufa wangali wadogo. Wa mwisho, aliyezaliwa Januari 1873, alikuwa dhaifu hata ikambidi mama amtoe akanyonyeshwe na mama mwingine shambani, karibu mwaka mzima. Kichanga hicho ndicho Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Tarehe 18 Oktoba 2015 Papa Fransisko aliwatangaza wazazi hao kuwa watakatifu, mume na mke pamoja, siku moja. Katika nyumba iliyozoea ugonjwa na msiba, walisimama wote wawili.

Neno letu la mwisho ni kwa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Kila mwaka tarehe 11 Februari twaiadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, na ni vema. Lakini mtoto huyu hulazwa pia mwezi Mei, na Agosti, na Novemba. Ikiwa jumuiya yajua kupanga zamu za kusafisha kanisa, yajua pia kupanga zamu za kumpelekea mama chakula, za kuwaangalia watoto waliobaki, na za kwenda kumwona mara ya tano kama ilivyokwenda mara ya kwanza. Na wale wenye afya waende kuchangia damu. Twapokea katika Misa Takatifu Damu ya Bwana aliyemwagika kwa ajili yetu. Itakuwaje tuogope kutoa chupa moja ya damu kwa ajili ya mtoto wa jirani, ambaye pengine usiku huu daktari aitafuta na haioni?

Nanyi akina baba ambao kwa hofu, au kwa aibu, au kwa maneno ya ndugu, mmekaa mbali na kitanda cha mtoto wenu, msikieni Kristo awaitaye mwingie chumbani pamoja naye. Mtoto hatawauliza mlikuwa wapi. Atainua mikono miwili ili apakatwe. Nendeni leo, kabla saa ya kutazama wagonjwa haijapita.

Mama Bikira Maria, aliyesimama chini ya msalaba wa Mwanawe, awaombee wazazi wote wanaokesha usiku huu.