Jumatano: Seli Nyingi, Mwili Mmoja

Soma Zaburi 139:13–16 na 1 Wakorintho 12:14–26. Daudi anamsifu Mungu kwa ajili ya nini? Kwa mujibu wa Paulo, kiungo kimoja kikiumia, viungo vingine hufanya nini?

Kila mmoja wetu alianza akiwa seli moja tu, ndogo kuliko nukta inayofunga sentensi hii. Leo mwili wa mtu mzima unakadiriwa kuwa na seli trilioni 30 hivi. Daudi hakuwa na hadubini, lakini alijua kwamba umbo lake ni kazi ya ajabu.

Vijana wetu hufundishwa shuleni na vyuoni kwamba viumbe vyenye seli nyingi vilitokana na viumbe vya seli moja kwa mabadiliko ya muda mrefu sana. Miaka iliyopita kijana mmoja aliuliza katika darasa langu la Shule ya Sabato kuhusu jaribio moja alilosoma. Nilimjibu kwa mzaha, darasa likacheka. Hakuuliza tena, na baada ya muda hatukumwona tena kanisani. Nilipolisoma jaribio lenyewe, nilitambua kwamba alistahili jibu.

Mwaka 2012 William Ratcliff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walitoa taarifa ya kazi yao juu ya hamira, ile ile inayoumua mikate na maandazi. Kila siku waliiacha itulie katika kimiminika, wakachukua iliyozama chini, wakaiotesha upya. Katika siku 60, hamira iliyokuwa ikiishi seli moja moja ikawa vishada, kwa kuwa seli changa hazikuachana tena na seli mama. Vishada vilipozidi kukua, baadhi ya seli zilikufa, na hapo zilipokufa kishada kilikatika na kuzaa vingine.

Tuseme nini basi? Tusiseme kwamba hakuna kilichobadilika. Kilibadilika, tena kikarithiwa. Wala tusilipe jaribio uzito kuliko lilivyoonyesha. Lilianza na seli iliyokwisha kuwa hai, na hamira ilibaki hamira. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba jeni moja, ACE2, ikiacha kufanya kazi, seli hizo hushikamana. Wanasayansi wengi huona hapo mfano wa hatua ya kwanza ya safari ndefu. Sisi, kwa imani, twakiri kwamba neno la Mungu ndilo lililofanya ulimwengu (Ebr. 11:3). Tofauti hiyo ipo. Petro anatuagiza tuieleze sababu ya tumaini letu kwa upole na heshima (1 Pet. 3:15), si kwa dhihaka.

Soma Yohana 12:24. Chembe ya ngano inazaaje matunda mengi?

Seli haziwi mwili kwa kukaa karibu tu. Tumboni mwa mama, vidole vya mtoto hutengana kwa sababu seli zilizo kati yake hufa kwa wakati wake. Lakini seli inayokataa mipaka, ikaongezeka kwa ajili yake yenyewe, tunaijua kwa jina: saratani. Muumbaji aliyeuweka utaratibu huo mwilini mwetu alikubali Mwenyewe kuwa chembe iliyoanguka katika nchi, ili sisi tuwe mwili wake.

Darasa nililoliongoza siku ile lilikuwa kishada, watu waliokaa pamoja. Kiungo kimoja kiliumia, na sisi tulicheka. Kijana yule hakuhitaji mwalimu anayejua kila kitu. Alihitaji mwalimu aliye tayari kukifia kiburi chake na kusema, “Swali lako ni zuri. Tulichunguze pamoja.”

Maswali ya Kujadili

1. Ni maswali gani ambayo vijana wa kanisa lenu wanaogopa kuyauliza? Nani amewafanya waogope?

2. Kwa nini si haki kupinga fundisho tusilolielewa, hata tunapotetea kweli?

3. Kumbuka mtu mmoja aliyeacha kuja darasani. Juma hili utamwendea na neno gani?